Mtoto Atakaa Wapi Kwenye Pikapu?

Pikapu ilibuniwa ibebe mzigo, abiria akawekwa pale palipobaki. Itazame kwa ubavu utaliona hilo: injini imechukua mbele, bodi imechukua nyuma, na katikati imebanwa kebini ambayo ukuta wake wa nyuma umesimama wima, kioo kikiwa karibu kabisa na kisogo cha abiria. Hakuna buti. Hakuna ile rafu iliyo chini ya kioo cha nyuma cha saluni, wala sakafu ndefu nyuma ya kiti kama kwenye gari la familia. Mtu mzima anayekaa nyuma atalalamikia mgongo na magoti, basi. Kwa mtoto wa miezi minane anayetakiwa kusafiri kwenye kiti chake maalumu, umbo hilo la kebini ndilo linaloamua kama kiti kitafanya kazi au kitakuwa pambo.

Wanunuzi wengi wa kiti cha mtoto huuliza bei, umri na rangi. Mwenye pikapu aanze kwingine, kwenye gari lake. Kiti cha mtoto hakifanyi kazi peke yake. Sehemu kubwa ya kazi hiyo iko kwenye benchi kinapokalia, mkanda unaokifunga, chuma kinachokishika kwa nyuma na nafasi inayobaki mbele yake. Kiti kinachomlinda mtoto barabara ndani ya saluni kinaweza kushindwa ndani ya pikapu, na kiwanda kisiwe na kosa lolote.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayomaliza ubishi wa wanaosema kumpakata mtoto kunatosha. Gari likiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, mwendo ambao Tanzania na Kenya ndio kikomo cha maeneo ya makazi, linakata karibu mita 14 kila sekunde. Likigonga ukuta, pua yake inajikunja na gari linasimama ndani ya sentimita 60 hivi. Kwa umbali huo mfupi, kila kilichofungwa vizuri ndani yake kinasimamishwa kwa wastani wa mara 16 ya nguvu ya uvutano. Mtoto wa kilo 10 anavuta kwenda mbele kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 160, mifuko mitatu ya saruji na ushee. Bibi aliyempakata hataweza kumzuia. Baba anayenyanyua vyuma naye hataweza. Na tukio zima linakwisha kabla sehemu ya kumi ya sekunde haijatimia, kabla mikono haijapata habari.

Pikapu ina jambo lake la ziada. Nyingi zimejengwa juu ya chesisi ya ngazi, zile reli mbili nene za chuma zinazopita chini kutoka mbele hadi nyuma. Reli hizo ndizo zinazoiwezesha kubeba tani moja na kupita makorongo bila kupinda, lakini chuma kigumu hakijikunji kirahisi. Pua ikijikunja sentimita 40 badala ya 60, ule wastani unapanda hadi karibu mara 25, na mtoto wa kilo 10 anakuwa mzigo wa kilo 245. Wahandisi wa siku hizi huziunda ncha za mbele za reli zijikunje kwa mpangilio, na wamefanikiwa kiasi. Hata hivyo, imani ya mtaani kwamba gari gumu ndilo salama ni nusu ya ukweli. Ugumu unakilinda kibanda kisibondeke. Aliyemo ndani anahitaji kusimamishwa taratibu kadiri inavyowezekana, na kwa mtoto kazi hiyo hufanywa na kiti na mikanda yake.

Ubishi wa kupakata, kwa taarifa yako, haukuanzia kwetu. Jimbo la Tennessee ndilo la kwanza Marekani kuwalazimisha wazazi kutumia viti vya watoto garini. Sheria ilipitishwa 1977 ikaanza kazi Januari 1978. Aliyeihangaikia ni daktari wa watoto, Robert Sanders, pamoja na mkewe Pat. Ili ipite, wabunge walichomeka kifungu kinachoruhusu mtoto apakatwe na mtu mzima. Sanders alikiita kifungu cha kumponda mtoto, na hakuwa anatia chumvi: mtu mzima asiyefunga mkanda hurushwa mbele, na mtoto aliye kifuani pake ndiye anayebanwa kwenye dashibodi. Kilifutwa 1981. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ni ya 1973, kabla hata Tennessee haijaamka, na wadau wa usalama barabarani wamekuwa wakiomba kwa miaka kadhaa iongezewe kifungu cha viti vya watoto.

Faida ya kiti imepimwa. NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, inakadiria kwamba kwenye magari madogo kiti cha mtoto hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia 71 kwa walio chini ya mwaka mmoja, na asilimia 54 kwa wa mwaka 1 hadi 4. Kwenye kundi linalojumuisha pikapu, vani na magari marefu ya familia, makadirio ni asilimia 58 na 59. Kwa kifaa kisichokuwa na injini wala umeme, si haba.

Sasa, mtoto atazame mbele au nyuma? Kichwa cha mtoto mchanga ni robo ya urefu wa mwili wake; cha mtu mzima ni sehemu ya nane. Shingo inayokibeba haijawa mfupa kamili, pingili zake bado zimeungwa kwa gegedu na huchukua miaka kadhaa kukomaa. Mtoto anayetazama mbele gari linaposimama ghafla, mabega yake yanashikwa na mikanda na kichwa kinaendelea na safari. Anayetazama nyuma, kichwa, shingo na mgongo vinazama pamoja kwenye gamba la kiti, na nguvu inatawanyika mgongo mzima. Msweden Bertil Aldman alilipata wazo hilo miaka ya 1960 alipoona jinsi wanaanga wa vyombo vya Gemini walivyolazwa chali ili mgongo upokee msukumo wa roketi. Huko Sweden wazazi wengi huwaacha watoto wakitazama nyuma hadi karibu miaka minne. Kanuni namba 129 ya Umoja wa Mataifa, inayotumika Ulaya, inataka angalau miezi 15.

Kiti kinachotazama nyuma ndicho kinachokula nafasi kuliko vyote, na nafasi ndiyo pikapu isiyokuwa nayo.

Chukua singo kebini. Kuna safu moja ya kukalia, mbele yake dashibodi, na ndani ya dashibodi, kwenye magari ya miaka ya karibuni, mfuko wa hewa wa abiria. Mfuko huo hujaa ndani ya sehemu ya ishirini ya sekunde, ukitoka kwa kasi inayoweza kufikia kilomita 300 kwa saa. Uliundwa ukutane na kifua cha mtu mzima aliyekaa mbali nao. Kiti kinachotazama nyuma kinakipeleka kichwa cha mtoto sentimita chache tu kutoka mahali mfuko unapofumukia, na unapofumuka unalipiga gamba la kiti pale pale kisogoni. Marekani walijifunza kwa msiba. Kati ya 1990 na 2008, zaidi ya watu 290 waliuawa na mifuko ya hewa ya mbele katika ajali za mwendo mdogo. Wengi wao walikuwa abiria, na miongoni mwa abiria hao zaidi ya 9 katika kila 10 walikuwa watoto, wengi wao wakiwa hawakufungwa mkanda au wakiwa kwenye viti vinavyotazama nyuma.

Mwenye saluni jibu lake ni jepesi: mtoto akae nyuma. Singo kebini haina nyuma. Ndiyo maana mwaka 1995 NHTSA iliwaruhusu watengenezaji kuweka swichi ya kuzima mfuko wa abiria kwenye magari yasiyo na kiti cha nyuma, au ambayo kiti chake cha nyuma hakitoshi kuwekwa kiti cha mtoto. Ford Ranger za Marekani za miaka iliyofuata zilikuwa nayo kwenye dashibodi: tundu dogo ambalo dereva huchomeka ufunguo wa gari na kuuzungusha, kisha taa ya njano inawaka kumwambia kwamba mfuko umezimwa.

Pikapu zilizoko mikononi mwetu zimetoka viwanda na masoko tofauti, kwa hiyo hakuna jibu moja. Nyingine zina swichi hiyo pembeni mwa dashibodi, inaonekana mlango ukifunguliwa. Nyingine zinayo ndani ya droo ya mbele. Nyingine hazina kabisa, na hizo mtoto anayetazama nyuma hakai mbele, hata kwa safari ya kwenda dukani. Zipo na zile kuukuu ambazo upande wa abiria hazikuwahi kuwekewa mfuko wa hewa tangu kiwandani. Hapo uzee wa gari unageuka kuwa neema. Magari mapya yenye kipima uzito chini ya kiti cha abiria yasikudanganye. Kipimo hicho kinakisia nani amekaa, na miongozo ya magari hayo bado inakataza kuweka mbele kiti kinachotazama nyuma. Usikubali pia fundi wa kijiweni akukatie waya wa mfuko. Mfumo huo una baruti ndogo ndani yake na umeunganishwa na vitu vingine. Unaweza kufyatuka fundi akiwa ameuinamia, au ukashindwa kufanya kazi siku mtu mzima anapouhitaji. Na ukiwa na swichi, mtoto akishuka akapanda mtu mzima, iwashe.

Ekstra kebini, zile zenye vijiti vidogo nyuma ya dereva, huwahadaa wazazi kuliko zote, kwa sababu zinaonekana kana kwamba zina kiti cha nyuma. Ford Ranger ya Marekani yenye kebini hiyo, hadi ilipoacha kutengenezwa mwaka 2011, ilikuwa na vijiti vya kukunja vilivyotazama ubavuni, abiria wawili wakiangaliana. Chevrolet S-10 nayo vivyo hivyo. Juu ya vijiti vile kiti cha mtoto hakifungwi kamwe. Kila kiti cha mtoto hujaribiwa kwa kugongeshwa mbele: gamba, mikanda na vifungio vimepangwa vipokee nguvu kwa mwelekeo huo. Kigeuze ubavu, na mgongano wa mbele unakuwa mgongano wa pembeni kwa mtoto. Kichwa kinachomokea kando ya gamba, mikanda ya mabega ikabaki haina kazi. Kwa hiyo mmiliki wa Ranger ile, pamoja na kununua kebini ndefu, alirudi palepale kwa mwenzake wa singo: mtoto mbele, ufunguo kwenye swichi, taa ya njano iwake.

Ekstra kebini za leo, za Hilux, D-Max na Ranger za kwetu, vijiti vyake vinatazama mbele. Ni afadhali, ila angalia kikalio. Ni kifupi, na kiti cha mtoto kikiwekwa juu yake ncha ya mbele inaning'inia hewani. Watengenezaji wengi wa viti hutaka sehemu kubwa ya kitako iwe imekaa juu ya kikalio, la sivyo kiti kitainama kwenda mbele ajali inapotokea. Toyota walilijua tatizo hili walipounda Tacoma ya Access Cab kwa soko la Marekani: egemeo la kichwa la kijiti cha nyuma linachomolewa na kuchomekwa mbele ya kikalio ili kukirefusha, kiti cha mtoto kipate pa kukaa. Ni ujanja mzuri. Ni ushahidi pia kwamba bila ujanja huo kiti kisingekaa.

Kisha kuna nafasi ya mbele ya mtoto, ambayo watu wachache huipima. Katika jaribio rasmi la Marekani, gari la majaribio likisimamishwa kutoka mwendo wa karibu kilomita 48 kwa saa, kichwa cha mwanasesere kilicho kwenye kiti kinachotazama mbele kinaruhusiwa kufika hadi sentimita 81 kutoka alama maalumu ya nyuma ya benchi. Kiti kikifungwa na mkanda wa juu, ule unaotoka mgongoni kwa kiti, kikomo kinashuka hadi sentimita 72. Sentimita 9 ndani ya gari la familia si kitu cha kukosesha usingizi. Ndani ya ekstra kebini, ambako mgongo wa kiti cha dereva uko pale pale mbele ya pua ya mtoto, sentimita hizo ndizo tofauti ya kichwa kupita hewani na kichwa kugonga chuma kilichofunikwa kitambaa.

Kwa hiyo kama familia ina mtoto mdogo na bado haijanunua gari, ushauri wangu ni dabo kebini, ile ya milango minne, au lisiwe pikapu. Soko lenyewe limeelekea huko. Ford Maverick, pikapu ndogo iliyoanza na toleo la mwaka 2022, inatoka na milango minne tu.

Dabo kebini nayo ina mambo yake. Fungua mlango wa nyuma upande wa abiria wa mbele, yaani kushoto kwa sisi tunaoendesha upande wa kushoto wa barabara. Upande huo una faida mbili: unampakia mtoto ukiwa ukingoni, mbali na magari yanayopita, na kiti cha mbele kinaweza kusogezwa bila kumbana dereva. Kiti kinachotazama nyuma kikilazwa kwa ajili ya kichanga huhitaji sentimita 70 au zaidi kutoka kwenye egemeo. Kikiwekwa nyuma ya dereva mrefu, dereva huyo atasogea mbele mpaka usukani umguse kifua. NHTSA inashauri kuwe na angalau sentimita 25 kati ya mfupa wa kifua na usukani. Zikipungua, hamisha kiti cha mtoto, usimhamishe dereva.

Halafu ulalo. Kichanga anatakiwa alazwe karibu nyuzi 45, kwani akikaa wima mno kichwa chake kizito huangukia kifuani na kuziba njia ya hewa, bila ajali wala kelele. Vikalio vya nyuma vya pikapu vingi vimeinamia nyuma, ncha ya mbele juu, ya nyuma chini. Kiti kinachotazama nyuma kikiwekwa hapo kinasimama kuliko inavyotakiwa. Mwongozo wa kiti ukiruhusu, taulo lililoviringishwa likakaza na kuwekwa kwenye ule mfereji kati ya kikalio na egemeo linaurudisha ulalo. Viti vingi vina alama ubavuni inayoonyesha ulalo sahihi. Isome gari likiwa mahali tambarare, si kwenye mteremko wa nyumbani kwako.

Kukifunga sasa. Pitisha mkanda wa gari kwenye njia iliyowekewa alama kwenye kiti. Inayotazama nyuma na inayotazama mbele ni njia mbili tofauti, na alama ziko pale kwa sababu watu huzichanganya. Chomeka kifungio. Weka goti ndani ya kiti cha mtoto, egemeza uzito wako, na uvute mkanda wa begani mpaka ulegevu wote uishe. Mikanda ya magari mengi yaliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani ukiivuta mpaka mwisho wake hubadili tabia: inaporudi utasikia tik-tik-tik, na kila inapoingia haitoki tena. Magari mengine hayana hiyo, na hapo unategemea kibano kilicho kwenye kiti chenyewe. Ukimaliza, shika kiti pale mkanda unapopita, ukitikise kushoto na kulia. Kisogee chini ya sentimita mbili na nusu. Juu ya kiti, karibu na kichwa cha mtoto, kitacheza zaidi; hapo hapapimwi.

Gari likiwa na ISOFIX, zile fito mbili za chuma zenye unene wa milimita 6 zilizojificha kwenye mfereji wa kiti kwa umbali wa sentimita 28, unaweza kuzitumia badala ya mkanda. Tafuta kwa vidole kabla hujaamini tangazo la muuza gari, na usitarajie kuzikuta katikati ya benchi. Pikapu nyingi zinazo pembeni tu. Zina kikomo chake pia. Kwa kanuni ya Ulaya, mtoto na kiti kwa pamoja wasizidi kilo 33; Marekani ni pauni 65, kama kilo 29 na nusu. Zaidi ya hapo rudi kwenye mkanda. Kutumia vyote viwili kwa wakati mmoja hakuongezi usalama, isipokuwa mwongozo useme hivyo.

Mkanda wa juu ndio nusu ya makala hii, maana hapo ndipo pikapu inapowashinda wengi. Kiti kinachotazama mbele huwa na ukanda mmoja unaotoka mgongoni kwake, wenye ndoano mwishoni. Ndio ule unaookoa sentimita 9. Kwenye saluni unapita juu ya egemeo na kunasa kwenye chuma kilicho kwenye rafu ya nyuma. Kwenye pikapu rafu hiyo haipo. Mzazi anainua kichwa, anaona kioo na bati, anauacha ukanda ukining'inia.

Chuma kipo, kimejificha. Kwenye dabo kebini nyingi unavuta ukanda mdogo au kitufe kilicho pembeni ya egemeo, nalo linainama mbele. Huko nyuma utakuta jeki, spana ya magurudumu, vumbi la miaka, pengine na kalamu uliyoitafuta. Panguza, tazama vizuri. Kwenye baadhi ya magari utaona chuma cha kunasia ndoano ukutani. Kwenye mengine, mfano Tacoma na Ford F-150, utaona vitanzi vya utepe mgumu, kimoja nyuma ya kila nafasi ya kukaa. Kitanzi kilicho nyuma ya mtoto wako si cha kunasia. Ukanda unashuka kutoka juu, unapita ndani ya kitanzi hicho, unageuka kwenda ubavuni na ndoano inanaswa kwenye kitanzi cha nafasi ya jirani. Kwa kupita hivyo unapata urefu wa kutosha wa kukazwa. Ukiunasa moja kwa moja kwenye kitanzi cha kwanza mara nyingi unakuwa mfupi mno na haukazi. Rudisha egemeo mpaka lijifunge, kisha kaza.

Mpangilio wa gari lako unaweza kuwa tofauti na huo. Mwongozo wa gari una ukurasa wake wenye mchoro, na kama gari liliingia nchini bila kitabu, tafuta nakala ya modeli na mwaka wake kabla hujaanza kubahatisha. Australia, ambako Hilux na Ranger zimekuwa zikigombea kilele cha mauzo kwa miaka mingi, mkanda wa juu ni lazima kisheria tangu miaka ya 1970. Wazazi wa kule hawana uwanja wa kuuacha ukining'inia.

Mtoto akishakua na kufikia kiti cha kuinulia, kile kisicho na mikanda yake, anahitaji mkanda wa gari wa begani na kiunoni. Nafasi ya katikati ya dabo kebini za zamani ina mkanda wa kiunoni peke yake; huyu asikae hapo. Na kama kiti cha kuinulia hakina mgongo, lazima gari liwe na egemeo la kichwa linalofika angalau usawa wa masikio yake, la sivyo kisogo chake kitakuwa kinatazamana na kioo cha nyuma.

Viti vingi sokoni kwetu ni mtumba, na sivikatai. Geuza kiti chini juu. Cha Ulaya kiwe na lebo ya idhini. Ile ya rangi ya chungwa ya kanuni namba 44 namba yake ianze na 03 au 04. Maduka ya Umoja wa Ulaya yaliacha kuuza vya kanuni hiyo Septemba 2024, kwa hiyo vitazidi kutufikia. Cha Marekani kina tarehe ya mwisho wa matumizi iliyogongwa kwenye plastiki. Kisichokuwa na lebo, chenye ufa, au chenye mkanda uliokatwa na kushonwa upya kiache hapo kilipo. Ufa mwingine hauonekani, na muuzaji hatakwambia kama kiti kilitoka kwenye gari lililopata ajali. Mimi ningetaka kukipata kwa mtu ninayemfahamu.

Kuhusu kupandisha watoto kwenye bodi sina mengi. Turubai si mkanda, kanopi si mkanda, na mtu mzima aliyekaa nao huko nyuma atarushwa pamoja nao. Kama watoto ni wengi kuliko nafasi za kebini, safari ni mbili.

Kabla hujalipa, basi, chukua kiti ukakijaribu ndani ya pikapu yako, siti ya mbele ikiwa mahali dereva anapokaa kila siku, na ukanda wa juu ukiwa umepitishwa mpaka mwisho na kukazwa. Kazi hiyo ni ya nusu saa. Muuzaji asiyekuruhusu mwachie kiti chake.